Pasi ya Mume wa Nesi

Elpidius Kahigi alikuwa ameinama chini ya mbuni, anachuma kahawa za matawi ya chini, aliposikia mama yake akimwita kutoka mpakani mwa kibanja, shamba lake la migomba na kahawa. Akajua kuna jambo. Goti la Ma Joviana lilikuwa linamsumbua tangu mvua zianze, na mtu mwenye goti lile hapandi kilima cha Ihembe kuja kusalimia tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa chini."

"Kikapu hakijajaa bado."

"Kaa, Elpidius."

Akakaa juu ya majani makavu ya mgomba. Mama yake hakukaa. Alijifunga upya khanga kiunoni, akatazama huku na huku kama vile migomba nayo ina masikio, ndipo akasema:

"Mkeo ameandikwa mke wa mtu."

Elpidius alitaka kucheka, lakini uso wa mama yake haukumruhusu.

"Nani amesema?"

"Vijiji vyote vya gombolola vinasema. Shangazi yako jana alikuwa barazani Kanoni na shauri lake la mbuzi. Amemsikia karani wa pasi za safari akisoma kwa sauti, watu wote wanasikia: Placidius, dresa, pamoja na mkewe Kemirembe, safari ya Kongo. Na huyo Placidius amekaa pale pale, viatu vinang'aa, anatazama paa."

"Na Kemirembe alisema nini?"

"Shangazi yako hakubaki kusikiliza. Wewe ungebaki?"

Kahawa alizokuwa amezishika Elpidius zilipasuka mkononi, majimaji matamu yakamchuruzika hadi kwenye kifundo. Hakuona.

Habari ya Kongo aliijua. Nani hakuijua? Hospitali ya mgodi mmoja huko kwa Wabelgiji iliwaandikia watu wa misheni ikiomba mkunga na dresa wanaojua Kiswahili. Misheni ikawataja wawili. Mkunga alikuwa Kemirembe, mke wa Elpidius. Dresa, yule mfunga vidonda na mpiga sindano, alikuwa Placidius, kijana wa Bukoba mwenye kofia ya kitambaa kizito na baiskeli yenye taa. Jambo lililomkosesha Elpidius usingizi ni kwamba huyo Placidius, kabla ya vibuyu vya rubisi, ile pombe ya ndizi, vya posa ya Elpidius kufika kwa wazazi wa Kemirembe, alikuwa ameshaanza kuzoeleka katika nyumba ile. Kemirembe alimchagua mkulima. Lakini mwanamume akishajua kwamba mkewe aliwahi kupendwa na mwingine, na huyo mwingine hajaoa hadi leo, hapati raha kamili.

"Karani anangoja kidole chako," mama yake aliendelea. "Mke wa mtu hapewi pasi mpaka mumewe akubali. Kidole kisipogusa wino, haendi. Na kama ni lazima aende, basi aende. Mimi nimeshaongea na watu wa Rugera. Binti yao Kokuhirwa ana mikono ya kazi. Atakuja kukusaidia kahawa."

"Kunisaidia kahawa."

"Kahawa, na yatakayofuata. Mna miaka mingapi ndani ya nyumba hii bila kilio cha mtoto?"

Elpidius aliinuka. Alibeba kikapu chake nusu, akamsindikiza mama yake hadi njiani, na alipokuwa akirudi aliona kikapu kingine mlangoni kwake, kidogo, kimesukwa kwa ustadi, kimejaa maharage. Mama yake alikuwa amekiacha hapo bila kusema kimetoka kwa nani.

*

Kemirembe alirudi kutoka kazini alasiri, anasukuma baiskeli yake kilimani. Kila siku Elpidius alimpokea njiani, akaisukuma yeye. Siku hiyo alibaki amekaa kizingitini, anachonga mpini wa jembe ambao haukuhitaji kuchongwa.

"Leo sipokelewi?" Kemirembe aliuliza, anatabasamu, jasho limemlowesha kipaji cha uso.

"Wake za watu hupokelewa kwao."

Tabasamu likaondoka. Akaiegemeza baiskeli ukutani, akavua viatu vyake vyeupe, akavipanga pamoja taratibu sana.

"Nani amekuambia?"

"Kwa hiyo ni kweli."

"Kweli ni kwamba karani alikosea. Barua ya misheni ina majina mawili, la mwanamume na la mwanamke, naye akawaza ni mtu na mkewe. Nikamwambia afute. Amefuta mbele ya macho yangu, nusura atoboe karatasi."

"Na Placidius?"

Kemirembe aliokota kiatu kimoja, akakipangusa vumbi. 

"Alinyamaza," akasema.

"Alinyamaza kwa muda gani?"

"Elpidius, nani anapima kunyamaza kwa mtu?"

"Mimi napima! Karani anasoma kwamba wewe ni mkewe, watu wamejaa barazani, naye ananyamaza. Na wewe unarudi hapa, unakula, unalala karibu yangu, huniambii. Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu niliujua uso utakaonionyesha. Ndio huo."

Elpidius akatupa mpini chini. Kuku wakatawanyika. Kemirembe hakurudi nyuma; alisimama na miguu yake mitupu juu ya udongo, gauni jeupe la kazi limepinda kwenye kola, na hata katika hasira ile Elpidius aliona jinsi shingo yake ilivyokuwa, akamchukia Placidius zaidi kwa kuwa naye ana macho.

"Nilimuuliza karani juu yako," Kemirembe alisema kwa sauti ya chini. "Hilo shangazi hakulileta? Nilimuuliza nani anaruhusiwa kufuatana na mfanyakazi. Akasema mke, watoto, na mtumishi mmoja. Nikamwambia, mfanyakazi ni mimi, na nina mume. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema pasi ya mume haijawahi kuombwa, na yeye hana mahali pa kuiandika."

"Basi hapo imekwisha. Usiende."

"Adelgunda alikufa mikononi mwangu akijifungua." Aliitaja habari hiyo bila kulia, na hilo lilimtisha Elpidius kuliko machozi. "Unakumbuka. Mtoto alikaa vibaya, nami nilijua amekaa vibaya, na sikujua la kufanya. Daktari wa kule ameandika kwamba atanifundisha yeye mwenyewe. Mwaka na nusu, nirudi hapa na mikono inayojua. Ukisema hapana nitabaki. Nitakupikia, nitalima na wewe. Lakini akija mwingine kama Adelgunda, usiniulize nawaza nini."

Elpidius aliinama kuokota mpini. Ndipo macho ya Kemirembe yakaangukia kikapu cha mlangoni.

"Hicho cha nani?"

"Mama ameleta maharage."

"Kimesukwa Rugera. Mama yako hajasuka kitu tangu nimfahamu." Akakiinua, akakizungusha mkononi, akakirudisha chini kama kitu cha moto. "Kokuhirwa?"

"Kemirembe, mimi sijaomba..."

"Hujaomba, lakini hujakirudisha! Unanipimia kunyamaza kwa Placidius, na kunyamaza kwako nani anakupima? Mimi nitakuwa huko naosha watoto wa wenzangu, huku nawaza nani anachuma kahawa na wewe, nani anakumenyea ndizi, nani amelala upande wangu!" Sauti ikampasuka. "Unafikiri wivu mmepewa wanaume peke yenu?"

Akaingia ndani. Elpidius alibaki nje na maneno yale. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia mkewe akimwonea wivu, na ingawa moyo ulikuwa unamuuma, sehemu moja ya moyo huo huo iliruka kwa furaha, akajionea aibu.

*

Kesho yake asubuhi alikwenda zahanati anakofanya kazi Placidius, akakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa. Zamu yake ilipofika akaingia. Placidius alikuwa anachemsha sindano. Alimtazama, akafunga mlango.

"Unaumwa wapi?"

"Unajua ninapoumwa."

Placidius akavuta kigoda, akamkaribisha. Elpidius hakukaa.

"Nina swali moja. Karani aliposoma kwamba Kemirembe ni mkeo, kwa nini ulinyamaza?"

Yule dresa alianza kunawa mikono. Alinawa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji, akaifuta, akaitundika taulo.

"Nikudanganye au nikuambie?"

"Niambie."

"Kwa sababu neno lile lilikuwa zuri kulisikia. Tangu anikatae sijawahi kusikia jina lake likitajwa na langu. Nikasema moyoni, acha limalizike. Halafu yeye akasema, si kweli, futa. Nikatamani ardhi inimeze."

Elpidius alipiga hatua moja mbele. Mezani kulikuwa na chupa, mkasi, birika la maji yanayotokota. Angeweza kukipindua chumba kile chote.

"Na huko Kongo?"

"Huko nitafanya kazi. Sitamgusa, sitamwambia neno. Sikuzaliwa mwizi, Bwana Elpidius. Lakini ukiniambia niape kwamba sitamtazama, hilo sitaapa."

Elpidius alitoka bila kuaga. Njia nzima ya kurudi alijaribu kumdharau mtu yule, akashindwa. Angekuwa mwongo ingekuwa rahisi. Mwongo hujulikana siku moja, mwanamke akamcheka. Lakini mtu mwenye upendo wa kweli, anayengoja kwa adabu, mwaka na nusu, mbali na nyumbani, jioni mmoja akiwa na homa na mwingine akiwa na dawa! Alimwona Kemirembe amelala kitandani, na mkono wenye kikombe si wake. Alisimama katikati ya njia. Mtu mmoja aliyekuwa anapita na mkungu wa ndizi alimsalimia, asiitikiwe.

Alipofika nyumbani, jambo la kwanza alilofanya ni kumrudishia mama yake kikapu cha Rugera pamoja na maharage yake. La pili, alimwita mdogo wake Rwezaura, akamtembeza mbuni kwa mbuni, akimwonyesha upi wa kupogoa na upi wa kuacha. Hakumwambia kwa nini.

*

Siku ya kidole, baraza la gombolola lilijaa. Wengine walikuwa na mashauri. Wengine walikuja kutazama. Protase, karani wa pasi, aliketi nyuma ya meza na kidau cha wino. Placidius alisimama pembeni, kofia mkononi. Ma Joviana aliletwa kwa baiskeli kwa ajili ya goti lake, akapewa kiti mbele kabisa. Kemirembe alivaa gauni jeupe na kilemba cheupe. Tangu siku ile ya kikapu yeye na mumewe walikuwa wanaongea ya chumvi na kuni tu, na asubuhi hiyo hakujua mumewe angesema nini.

"Elpidius Kahigi," karani aliita. "Unakubali mkeo Kemirembe aende kufanya kazi Kongo? Ukikubali, weka kidole hapa."

"Naomba kuuliza kwanza. Mfanyakazi anaruhusiwa mtumishi mmoja?"

"Anaruhusiwa. Mpishi au boi."

"Na yeye ni mfanyakazi?"

"Ndiye mfanyakazi, ndiyo."

"Basi niandike mimi. Mpishi."

Kicheko kikalipuka kutoka nyuma kikaja hadi mbele. Protase alivua miwani. Ma Joviana alisimama, goti na yote.

"Elpidius! Mtoto wa Kahigi umwoshee mwanamke masufuria? Baba yako angekuwa hai!"

"Nimeyaosha ya kwako, mama, ulipovunjika mkono. Sikufa."

"Na kahawa ya baba yako?"

"Rwezaura ataichuma. Nimeshamwonyesha."

Kemirembe alikuwa amefika mezani. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Bwana karani, usiandike." Akamgeukia mumewe, akashusha sauti, lakini barazani pale hakuna neno lililopotea. "Usifanye hivi. Hujui huko. Watakuita boi. Watu wadogo kwako watakutuma maji."

"Wataniita boi. Wewe utaniitaje?"

"Unajua nitakavyokuita."

"Basi hilo linanitosha."

"Unafanya hivi kwa sababu yake," Kemirembe alinong'ona, bila kumtazama Placidius. "Unakuja kunilinda."

Elpidius alitaka kukana. Angesema maneno mazuri, kwamba anakuja kwa ajili ya kazi yake, kwa ajili ya marehemu Adelgunda. Lakini watu wote walikuwa wanamtazama, na mkewe alikuwa anamtazama, akashindwa kusema uongo.

"Ndiyo, nina wivu," akasema. "Unanila. Nikibaki hapa na huo wivu utanimaliza, na ukibaki wewe nitakumaliza wewe. Afadhali nije nao."

Kemirembe akafunika mdomo kwa kiganja. Ilikuwa vigumu kujua kama analia au anacheka.

"Bwana karani," akasema mwishowe, "andika."

Protase alipekua karatasi zake, akakuna kichwa. Hakuona popote palipokatazwa mke kumwandika mumewe kazi. Labda hakuna aliyewahi kuwaza. Akachovya kalamu.

"Unajua kupika?"

"Ndizi. Maharage. Senene zikipatikana."

"Jina la bwana wako?"

"Kemirembe."

"Nimesema bwana. Bwana unayemfanyia kazi."

"Ndiye huyo," Elpidius akasema, na safari hii kicheko cha baraza kilikuwa na upole ndani yake.

Ma Joviana hakucheka. Aliondoka kabla wino haujakauka, akijikongoja peke yake, akakataa baiskeli. Na siku walipofunga mizigo hakuja kuaga.

*

Lori la mgodi liliwangoja ng'ambo ya Kagera. Walivuka kwa kivuko pale Murongo, na walipopandisha ukingo wa upande wa Uganda, dereva, mtu wa Kongo mwenye shingo nene, alisoma pasi zao kwa haraka.

"Wafanyakazi mbele na mimi. Mtumishi juu ya mizigo."

Kemirembe alifungua mdomo. Elpidius akamtikisia kichwa: acha. Akarukia nyuma, akakaa juu ya magunia ya chumvi. Placidius alisita mlangoni kana kwamba anataka kusema naye neno, kisha akapanda, na mlango ukafungwa kwa kishindo.

Nyuma ya chumba cha dereva palikuwa na kidirisha cha kioo. Laiti kingekuwa cha bati. Kupitia hapo Elpidius aliona kilemba cheupe katikati, na kofia ya Placidius kulia kwake. Lori lilipokata kona, kilemba na kofia vilisogeleana. Lilipoingia shimo, viligusana. Akajiambia atazame milima. Akatazama milima. Akarudisha macho kwenye kioo.

Kofia iliinama, inasema kitu. Kilemba kikageuka. Mabega ya Kemirembe yakatikisika.

Anacheka! Elpidius alishika ubao wa lori hadi vidole vikafa ganzi. Yeye huku anakula vumbi, mpishi aliyejiandikisha mwenyewe mbele ya watu, na mkewe kule anachekeshwa na mtu asiyetaka kuapa. Maneno ya mama yake yalimrudia yote, moja moja. Alitazama nyuma; mto ulikuwa bado unaonekana, unang'aa chini bondeni. Angeruka. Angetembea hadi kivukoni, kesho angekuwa kwenye kahawa yake.

Lori likapunguza mwendo. Likasimama. Mlango ukafunguliwa, akashuka Placidius, na nyuma yake Kemirembe, viatu mkononi.

"Nesi, nafasi yako ni mbele!" dereva alipiga kelele.

"Najua. Nina maneno na mpishi wangu."

"Huko kuna vumbi!"

"Nimeona." Alimrushia Elpidius viatu, kimoja kimoja, kisha akanyoosha mikono. "Nivute."

Elpidius alimvuta. Alikuja mzito na wa moto, akaangukia kifuani kwake kwa kuwa dereva, kwa hasira, alikuwa ameondoa lori kabla hajakaa. Wakabaki hivyo juu ya magunia, wameshikana, hakuna aliyefanya haraka kuachia. Vumbi jekundu lilikuwa limeshaanza kuliharibu gauni. Kidirishani kofia ilikuwa peke yake, imeelekea mbele, wala haikugeuka.

Elpidius aliapa moyoni kwamba hatauliza. Akauliza.

"Alikuambia nini hadi ukacheka?"

"Sikucheka. Nilikuwa nakohoa."

"Nilikuona."

"Ulimwona mtu anakohoa." Kemirembe alivua kilemba, akamfuta nacho vumbi la nyusi, la pua, la midomo. "Alisema barabara ni mbaya. Basi."

"Basi?"

"Basi. Elpidius, utaniuliza hivi kila siku?"

"Kila siku."

"Uliza," akasema, akajiegemeza begani kwake. "Nitakujibu kila siku."